Siku mbili za mafunzo ya elimu jumuishi (watoto wenye ulemavu kusoma pamoja na wenzao): anzeni na andalio la somo

Mkuu, umeuliza muwafundishe nini walimu 14 kwa siku mbili, wakati madarasa yenu ya watoto 70 hivi yana wawili wenye ualbino, mmoja asiyesikia vizuri na mmoja mwenye ulemavu wa akili. Kwanza, mpunguzieni mwezeshaji slaidi. Asubuhi nzima ikiishia kwenye Azimio la Salamanca la 1994 kuhusu elimu jumuishi na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, walimu wataondoka na daftari zilizojaa fasili, Jumatatu wafundishe vilevile. Sheria zipeni saa moja.

Siku ya kwanza iwe ya kumtambua mtoto. Kila mwalimu aje na nusu ukurasa kuhusu mtoto mmoja wa darasa lake, pamoja na madaftari yake. "Mzito" haisaidii kitu. "Ananakili mstari mmoja wenzake wakiwa wa tano, daftari analisogeza mpaka puani" inakuonesha pa kuanzia. Mwalimu asitoe jina la ugonjwa, hiyo si kazi yake. Anayetoka usaha masikioni, au anayeitikia pale tu anapokutazama, aende zahanati kabla hamjamwita mtukutu.

Uoni hafifu utakula muda, na unastahili. Wengi wanadhani dawati la mbele linamaliza kazi. Mtoto mwenye ualbino ana mambo mawili kwa pamoja: haoni mbali, na mwanga mkali unamsumbua. Dawati la mbele linalotazama dirisha linapunguza la kwanza na kuzidisha la pili. Akae mbele katikati, dirisha likiwa nyuma yake, aruhusiwe kofia darasani na kusogea ubaoni anapotaka. Mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika. Kusoma kitabu kikiwa karibu na uso hakuharibu macho, kwa hiyo msimkataze. Kwa majaribio ya shule, ukurasa wa A4 ukikuzwa kuwa A3 (asilimia 141), herufi ya ukubwa wa 12 inafika 17 hivi. Ni afadhali kuchapa upya kwa 18 au zaidi, maana fotokopi inakuza na ukungu wake.

Kwa asiyesikia vizuri, kosa la kila siku ni mwalimu kuongea huku ameugeukia ubao. Aandike, ageuke, ndipo aseme. Swali la mwanafunzi wa nyuma alirudie. Kupaza sauti kunapotosha midomo tu. Lakini kama mtoto ni kiziwi anayetumia lugha ya alama, kumhamisha dawati hakumpi lugha. Anahitaji mwalimu anayejua alama, na siku mbili hazimtoi mwalimu huyo. Mwoneni afisa wa elimu maalumu wa halmashauri kuhusu shule yenye kitengo cha wanafunzi viziwi.

Ule mchezo wa kuwafunga walimu vitambaa machoni uacheni. Unazaa huruma, na uoni hafifu si giza.

Siku ya pili kila mwalimu alete somo halisi la wiki ijayo. Tuseme ni Hisabati, 47 + 38. Mtoto mwenye ulemavu wa akili akae ndani ya kundi, apewe vizibo vya soda, atafute 7 + 8. Akipata 15, wenzake wanachukua jibu lake, wanaandika 5, wanapeleka 1 kwenye makumi. Kazi yake ni kipande cha kazi yao. Akipewa picha ya kupaka rangi pembeni, yumo chumbani lakini somoni hayumo. Msidai maandalio mawili. Mwenye watoto 70 ataacha ndani ya wiki. Mistari mitatu chini ya andalio lilelile inatosha: kinachopunguzwa, zana, na namna atakavyopimwa. Kisha kila mmoja afundishe dakika 10 mbele ya wenzake, wamkosoe.

Kama kwenye kata yenu kuna mwalimu aliyesoma Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, mwombeni aendeshe siku hii. Ufuatiliaji uingizeni kwenye vikao vyenu vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini), walimu wakitembeleana darasani wawili wawili.

Mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, naye ahakikishe hali ya kila mtoto imeoneshwa wakati wa usajili wa mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania). Wasioona na wenye uoni hafifu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na 10 katika masomo mengine. Akisajiliwa kama wengine, ataletewa karatasi ya maandishi ya kawaida, na siku ya mtihani msimamizi hana cha kumsaidia.