Damu imekatika siku ya 26, niswali ama ningoje arobaini?

SWALI: Assalam aleikum ustadh. Niko Pumwani, nina miaka 44, nimejifungua mtoto wa tano kwa opareshen. Damu ilikatika siku ya 26 lakini mama mkwe anasema nisiguse mswala mpaka arobaini iishe. Alafu nikikohoa ama nikiinua mtoto mkojo unatoka, wudhu haukai. Mwili haujarudi na mzee ananiuliza uliza kila usiku. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam warahmatullah dadangu, hongera, Allah amkuze mtoto na akupe afya.

Hii arobaini ya nyumbani inawanyima akina mama wengi swala zao. Asili yake ni hadithi ya Ummu Salama, mke wa Mtume, kwamba wanawake wenye nifasi (damu ya uzazi) zama za Mtume (s.a.w) walikuwa wanakaa siku 40, lakini imamu Tirmidhi aliyeipokea akaeleza hapo hapo kuwa wanazuoni wamekubaliana mwanamke anaacha swala siku 40 isipokuwa akiona tohara, yaani damu imekatika, kabla ya hapo, basi ataoga na kuswali. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafii nifasi inaweza kufika hata siku 60, na uchache wake hauna kipimo. Kwa hivyo weka pamba, ikitoka safi oga leo uswali, na zile siku ulizokaa safi bila kuswali uzilipe pole pole. Kidonda kama daktari amekataza maji, osha kwingine kote, hapo penye plasta upanguse kwa mkono uliolowa na ufanye tayammum (kupangusa uso na mikono kwa mchanga safi). Damu ikirudi kabla siku 15 za usafi kuisha na bado uko ndani ya 60, hiyo ni nifasi, unaacha tena, na ulizoswali katikati huna dhambi yoyote. Funga za Ramadhani utalipa, swala za siku za damu hulipi.

Mama mkwe mwelezee kwa upole, huyo ndiye aliyekupikia uji usiku na kukushikia mtoto ukilala, hana nia mbaya.

Sasa mkojo. Dadangu usione aibu, hii ni kawaida sana kwa waliobeba mimba, na ukiwa umezaa mara kadhaa na umri umesonga misuli ya chini inakuwa imelegea zaidi, hata kama ulijifungua kwa opareshen. Kama unatoka tu ukikohoa, jisafishe, badilisha pedi, chukua wudhu uswali wakati umetulia. Lakini kama unatoka toka mpaka hupati nafasi ya wudhu na swala, hapo wewe ni mwenye udhuru: subiri wakati uingie, jisafishe, vaa pedi, chukua wudhu uswali moja kwa moja, na kitakachotoka ndani ya swala hakikudhuru. Ukisimama unatoka na ukikaa hautoki, swali umekaa. Na umwambie daktari, kuna mazoezi ya kubana hiyo misuli kama mtu anayezuia mkojo, unaweza kuyafanya hata ukinyonyesha, ila yanataka miezi, si siku mbili.

Na wewe mzee, kama unasoma hii, kuoga janaba ya nifasi kunahalalisha tendo lakini hakujaponya mshono, na Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Madaktari wengi wanashauri wiki sita hivi na kupimwa kwanza. Allah mwenyewe ameiita mimba udhaifu juu ya udhaifu (Luqman: 14), alafu wewe unamuuliza wa miaka 44 mbona tumbo halijarudi? Mbebee maji, hiyo jerikeni ya lita 20 asiiguse kabisa.

Nywele zikianza kudondoka miezi mitatu hivi baada ya kuzaa usishtuke, huwa zinarudi. Lakini damu ikijaza pedi nzima ndani ya saa moja, ama homa, ama kidonda kinatoa usaha, ama kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu (umri wako presha ni ya kuangaliwa), usingoje ruhusa ya mtu, enda hospitali usiku huo huo.

Wallahu aalam.