Mrushaji wa kasi hudumu miaka mingapi?

SWALI: Mhariri, nasikia warushaji wa kasi wa kriketi huchakaa mapema. Imekuwaje James Anderson aichezee timu ya taifa ya Uingereza hadi umri wa miaka 41?

JIBU: Ndugu msomaji, Anderson alianza mechi za Testi, yaani mechi za kimataifa za hadi siku tano, mwaka 2003 katika uwanja wa Lord's, na hapohapo akaagwa Julai 2024 akiwa na wiketi 704, yaani mara alizomtoa mpigaji mchezoni, idadi ambayo hakuna mrushaji wa kasi mwingine aliyewahi kuifikia. Mfupa wake wa mgongo ulipata ufa mwaka 2006, baada ya makocha kumbadilishia namna ya kurusha. Alipopona akarudia mtindo wake wa asili. Tena hakutegemea nguvu tupu: aliusugua mpira upande mmoja kwenye suruali hadi ukang'aa, akaelekeza mshono kwa vidole viwili, nao ukapinda hewani mbele ya mpigaji. Kwangu mimi, huo ni ufundi uliokamilika.