Jibu: AC ya chumba Malindi, Unguja, BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9000 au 12000?

Sheikh, chumba cha futi 12 kwa 12 BTU 9000 zinatosha kabisa, labda kiwe juu chini ya bati linalopigwa jua mchana kutwa, hapo ndo chukua 12000. Nunua inveta, yaani AC inayopunguza mwendo wenyewe chumba kikishapoa, umeme wa tukuza (ule wa kulipia kabla) hautokukimbia sana. Mtumba mie siungi mkono.

Ila kinachouwa AC kwetu ni chumvi ya bahari, ile mashine ya nje mapezi yake ya alumini yanaliwa mpaka yanakuwa unga, kwa hivo tafuta yaliyopakwa kinga, usiifunge ikatazama bahari moja kwa moja, na kila mwezi zima umeme uimwagie maji baridi, yaani yasiyo chumvi, kwa mpira, taratibu, usitumie presha. Na kwa vile Malindi ni ndani ya Mji Mkongwe waulize kwanza Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hujatoboa ukuta wa mbele.

Fundi akishaunga mabomba atoe hewa kwa pampu ya vakyumu ndo afungue gesi, wengine wanapuliza gesi kidogo wanasema tayari bosi, unyevu unabaki ndani kompresa inakufa mapema. Na atakaekwambia gesi huongezwa kila mwaka muongo huyo, ikipungua inavuja, atafute pahala inapovujia. Chujio osha mwenyewe kila wiki mbili, na volti gadi, kile kifaa cha kuikinga AC umeme ukipanda na kushuka, usiache.