Nataka kuchanganya mwenyewe juisi ya vepu isiyo na nikotini, vanila ya keki na mafuta ya karafuu vinafaa?

SWALI: Habari yako dokta. Mi niko Birmingham, nilikuwa mvutaji sigara wa miaka mingi nikahamia kwenye vepu, nimeshusha nikotini taratibu mpaka sasa navuta ziro kabisa. Natumia podi ndogo ya kawaida. Juisi za dukani zimenichosha, sukari tupu, halafu nasikia kodi inakuja. Nikanunua gliserini famasi nikatia vanila ya kupikia keki ya supamaketi, siku ya kwanza poa, siku ya pili inatoa ladha ya kuungua na koili, ule waya wa kupasha juisi, ikafa. Nikosoe, na nipe vipimo vya chupa ya mili 30. Alafu mama kaniletea mafuta ya karafuu toka Zanzibar, matone mawili matatu nikitia yana shida?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, hongera kwa kufika ziro maana wengi wanaishia katikati. Mimi si dokta, ni mfamasia, ila hili swali liko palepale kwenye kazi yangu maana ni mambo ya kuyeyusha, kupima na kuchanganya.

Naanza na karafuu kwa sababu ndiyo inayonitisha. Hayo mafuta yarudishe kabatini, yabaki ya jino na ya kuchua, kwenye vepu usitie hata tone. Mafuta ya karafuu sehemu kubwa ni eujenoli, kitu kikali ambacho hata kwenye fizi kikikaa bila kuchanganywa kinaunguza, sasa we unataka kukipeleka kwenye mapafu ambako ngozi yake ni laini kuliko fizi mara nyingi. Na kingine watu hawakijui, hayo mafuta hayashikani na gliserini. Utatikisa utaona imekuwa kama maziwa hivi, unasema imekubali, ukiiacha usiku kucha asubuhi yamejitenga yamekaa pembeni, kwa hiyo kuna mkupuo utavuta hauna ladha kabisa na kuna mkupuo utavuta karafuu karibu tupu. Juu ya hapo eujenoli inakula baadhi ya plastiki, podi inapata ufa. Mdalasini nao una tabia hiyohiyo, na flava kali za ndimu na chungwa.

Na kabla mtu mwingine hajaniuliza kuhusu mafuta ya nazi, ya ufuta, habasoda sijui, hayo ni mabaya kwa njia nyingine kabisa. Mafuta ya kula hayageuki mvuke yakaisha, yanaenda kama vitone vidogo yanatua ndani ya mapafu, na mapafu hayana tumbo la kumeng'enya mafuta. Askari wa mwili wanakuja wanayameza wanashindwa kuyavunja, unapata nimonia ya mafuta, na antibayotiki haiigusi hiyo. Mwaka 2019 Marekani walipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu wa watu wa vepu, mpaka Februari 2020 waliolazwa na waliokufa walihesabiwa 2,807, na kati yao 68 ndio waliofariki, na kilichoonekana kuhusika sana ni asiteti ya vitamini E, kitu cha mafutamafuta ambacho wauzaji wa juisi za bangi za mitaani walikuwa wanatia ili ionekane nzito. Vitamini E ileile ambayo watu wanaimeza na kujipaka usoni bila shida. Kwa hiyo yule anayekwambia "si inaliwa, itakudhuru nini" ameshakosea hapo hapo, kula na kuvuta ni njia mbili tofauti, ya tumboni ina asidi na ina ini linalochuja, ya mapafuni haina mlinzi wa namna hiyo.

Sasa vanila yako. Nakuelewa kabisa kwa nini ulifikiria itafaa, inanukia vizuri na imeandikwa vanila. Ila geuza chupa usome nyuma. Zile za supamaketi nyingi utakuta maji, pombe, sharubati ya sukari, na rangi ya karameli, flava yenyewe kidogo tu. Sukari kwenye koili ya moto haiwi mvuke, inaungua inaganda. Toa hiyo podi iliyokufa, kama inafunguka angalia koili kwa tochi ya simu. Ukiona gamba jeusi limeshika kwenye waya, linang'aa kama lami, hiyo ni sukari na karameli. Ukiona waya uko safi kiasi ila pamba imekuwa ya kahawia na imekauka upande mmoja, hiyo shida ni nyingine, ni uzito wa juisi. Kwako nadhani utakuta vyote viwili, sababu ulitumia gliserini tupu.

Gliserini ndiyo watu wanaiita VG, inatoa moshi mwingi na utamu kidogo, ila ni nzito na vitundu vya kuingizia juisi kwenye podi ndogo ni vidogo mno, haipiti haraka. Ukivuta mara mbili tatu mfululizo pamba inakauka kabla juisi mpya haijafika, waya unapanda moto, na gliserini ikipata moto mkali bila unyevu inavunjika inatoa akrolini, ule ukali wa kuwasha koo na macho unaousikia mafuta ya kukaangia yakiungua jikoni. Ladha ya kuungua ni taarifa, ukiisikia acha kuvuta hapo hapo, usijilazimishe kumaliza. Ndo maana tunachanganya na PG, yaani propilini glaikoli, ambayo ni nyepesi kama maji mazito kidogo na inabeba ladha vizuri kuliko VG. Kwa podi kama yako nusu kwa nusu ndiyo inafanya kazi. Zile mashine kubwa za moshi mwingi ndizo zinataka VG 70 kwa PG 30.

Kuna watu PG inawakwaruza koo au inawakausha mdomo, wengine wana mzio nayo kabisa, ukiona hivyo panda VG mpaka 60 ila podi itakuwa inalalamika.

Manunuzi. VG na PG zote ziwe za daraja la dawa, kwenye lebo utaona BP, EP au USP. Usinunue ya kutengenezea sabuni na usinunue ile PG ya kwenye mifumo ya kupasha joto au ya radieta hata kama muuzaji anaapa ni kitu kilekile. Hapa siongei kwa kutishana. Hizi mbili zina ndugu wawili wa bei rahisi, daiethilini glaikoli na ethilini glaikoli, wanaofanana nazo kwa macho na ni sumu ya figo. Gambia mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walikufa kwa mambo ya figo, na WHO wakatoa tahadhari Oktoba mwaka huohuo kuhusu dawa za kifua za maji zilizokutwa na hao ndugu wawili. Ilikuwa dawa ya kunywa sio vepu, ila malighafi ni hizihizi, na kwa macho au pua huwezi kujua.

Flava sasa, hapa nitakaa kidogo. Nunua konsentreti, yaani flava iliyokolezwa, zilizotengenezwa kwa ajili ya juisi ya vepu, ambazo zimeyeyushwa kwenye PG, hazina sukari wala mafuta. Capella na TFA za Marekani, FlavourArt ya Italia, zote zinapatikana kirahisi huko uliko. Ila hata hizo zisome, kwa sababu vanila ndiyo familia yenye mtego. Vanila ya peke yake haina neno sana, tatizo linaanza kwenye vanila kastadi, krimu, siagi, karameli, popkoni, vyote vile vya ladha ya maziwamaziwa. Ile ladha ya siagi inatoka kwa diasetili na binamu yake asetili propionili. Mwaka 2000 ndipo ilipojulikana kwamba wafanyakazi wa zamani wa kiwanda cha popkoni mji wa Jasper, Missouri, walikuwa wanaugua mapafu, vijia vidogo vya hewa vimeziba makovu na havirudi, na chanzo ni mvuke wa flava ya siagi. Kiwango cha kwenye juisi ya vepu sio kile cha kiwandani, sawa, ila sasa kwa nini uvute wakati zipo zisizo nayo? Mfano Capella wana kastadi toleo la kwanza na toleo la pili, la pili ndilo waliloondoa diasetili. Watu wa ladha watakwambia la kwanza ni tamu zaidi na sitabishana nao, we chukua la pili.

Na hapa kuna kitu kinawapiga chenga wengi. Kanuni za Uingereza za 2016, zile za chupa ya mili 10 na nikotini isizidi miligramu 20 kwa mili, ziliandikwa kwa ajili ya juisi yenye nikotini. Ziro haikuwemo. Mtu anaona ziro anadhani ndiyo iliyokaguliwa zaidi, kumbe ni kinyume, na konsentreti ndo kabisa, kwa hiyo kusoma lebo na karatasi ya usalama ya muuzaji ni kazi yako mwenyewe. Muuzaji asiyekuwa na hiyo karatasi achana naye.

Vipimo. Tafuta mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.01, ni bei ya kawaida tu, sirinji weka pembeni. VG kwenye sirinji ni mateso, inang'ang'ania ukutani na unadhani umetia 15 kumbe 14. Kwa mizani unaweka chupa, unabonyeza ziro, unamimina mpaka namba ifike, unabonyeza ziro tena. Ila kumbuka mili moja sio gramu moja: PG ni gramu 1.04 hivi, VG ni 1.26. Konsentreti ihesabu kama gramu moja, kosa lake ni dogo.

Chupa ya mili 30, nusu kwa nusu, flava asilimia 5: konsentreti gramu 1.5, PG gramu 14, VG gramu 18.9. Ukijumlisha ni gramu 34.4 na ujazo unakuja mili 30. Unaona PG ni pungufu ya nusu, sababu konsentreti yenyewe imeyeyushwa kwenye PG kwa hiyo nafasi yake inatoka upande huo, watu wengi wanasahau hapa halafu juisi inakuwa nyepesi inavuja kwenye podi. Anza na flava, kisha PG, VG mwisho, tikisa mpaka mkono uchoke. Kukiwa na baridi na VG haitaki kutoka, chupa iweke kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu ikiwa imefungwa, usiiweke maikrowevu.

Asilimia 5 ni ya Capella na TFA kwa vanila, hizi za FlavourArt ni kali zaidi, anzia 2. Na usiongeze flava siku hiyohiyo eti haisikiki, vanila inataka kulazwa wiki mbili hata tatu kwenye kabati la giza, itageuka kahawia usishtuke, ni vanilini inaguswa na hewa. Matunda siku tatu nne yanatosha. Ukiongeza flava kupita kiasi ladha inapotea badala ya kuongezeka, na hapo ndipo watu wanakimbilia kutia sukralosi, kitamu bandia, ambayo ndiyo hiyo "sukari tupu" unayoilalamikia ya dukani, inaua koili na kwenye moto mkali inavunjika inatoa vitu vyenye klorini. Acha kabisa.

Kama hamu ya nyumbani haikuachi, zipo konsentreti za iliki kwenye PG, mimi ningeanza na hiyo kwa asilimia nusu ndani ya vanila yako, isizidi moja. Ya karafuu pia ipo lakini ni eujenoli ileile imepunguzwa tu, siipendi.

Kodi uliyosikia ni kweli, kuanzia Oktoba 1, 2026, Uingereza wanatoza pauni 2.20 kwa kila mili 10 na ziro nikotini imo humo, kwa hiyo chupa yako ya 30 ya dukani ni pauni 6.60 juu ya bei. Kuchanganya chupa yako ya kuvuta mwenyewe ni jambo moja, ila jamaa zako wa msikitini au wa mpira wakianza kukuagizia na kukulipa, hapo umekuwa mzalishaji na sheria zake ni nyingine.

Andika tarehe na vilivyomo kwenye kila chupa, tumia ndani ya miezi michache, na weka mbali na watoto hata kama haina nikotini maana inanukia keki. Ukipata kikohozi kisichoisha, kifua kubana au homa, acha kuvuta uende kwa dokta na hiyo chupa mkononi, mwambie umechanganya mwenyewe na umetia nini, pamoja na ile ya vanila ya supamaketi uliyokwishavuta.