Muulize Shangazi: "Mwanangu anaongea maneno ya Thomas tu, nimnyang'anye?"

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili niko Morogoro, mkubwa wa kiume ana miaka 8, mwaka juzi tuliambiwa ana usonji (autism). Shida yangu sio shule, shule tulishapata, shida yangu ni Thomas, ile katuni ya treni. Yani Shangazi huyu mtoto anaamka na Thomas analala na Thomas. Ukimuuliza umekula nini shuleni hakujibu, ila taja James tu atakwambia mwekundu namba tano, Percy kijani namba sita. Maneno mengi anayoongea ni ya mle mle kwenye katuni, anayarudia vile vile mpaka sauti anaiga. Ana katreni kake ka plastiki ka bluu nilikanunua mnadani, magurudumu mawili yalishang'oka, anaenda nako mpaka bafuni. Mwezi uliopita baba yake alichoka akakatupa. Mtoto hakula siku mbili, akawa anakaa mlangoni anasukuma mkono sakafuni kama bado anakaendesha, na mimi usiku nikatoka na tochi ya simu nikaenda kukatafuta jalalani, nikakapata. Sasa baba mtu kaninunia, mama mkwe anasema ni pepo limeingia kupitia TV, na kuna mwalimu kanishauri katreni tukafanye kawe zawadi, akifanya vizuri apewe akikosea anyang'anywe. Nifanyeje Shangazi? Nimwachishe?

JIBU: Marahaba mama. Nianze na la mwisho kabisa ili ulale usingizi leo: usimwachishe. Na pole kwa ile safari ya jalalani, ulifanya vizuri sana kukarudisha.

Kwanza jua hauko peke yako na hicho kitreni. Uingereza huko, ambako Thomas katoka, wazazi wa watoto wenye usonji walianza siku nyingi kusema mbona watoto wetu wote ni Thomas Thomas, mpaka chama cha usonji cha nchi ile kikaenda kuwauliza wazazi kwa utaratibu, miaka ya mwanzo ya 2000. Ukiiangalia ile katuni kwa makini utaelewa. Uso wa treni ni mkubwa, uko mbele, akikasirika kakasirika akifurahi kafurahi, na hasa kwenye zile za zamani zilizoanza 1984 uso unatulia pale pale hauchezi chezi, mtoto ana muda wa kuusoma. Sisi watu wazima nyuso zetu zinabadilika kila sekunde, mdomo unacheka macho yamekasirika, kwa mtoto wako hiyo ni kazi ngumu kweli. Alafu kuna msimuliaji mmoja anaeleza kila kitu, Thomas alihuzunika, Thomas aliona aibu, huachiwi kubahatisha. Na kila mmoja ana rangi yake na namba yake, unaweza kuwapanga. Kile kinachomchosha kwa watu, pale kimewekwa sawa.

Tena wenzetu wa Cambridge, profesa Simon Baron-Cohen na timu yake, wakaligeuza hilo kuwa somo. Walitengeneza katuni za vyombo vya usafiri vyenye nyuso za watu wa kweli, watoto wenye usonji wa miaka 4 mpaka 7 wakaangalia kama dakika 15 kila siku kwa wiki 4, na uwezo wao wa kutambua hisia za watu ukapanda. Utafiti ulitoka 2010. Kwahiyo mapenzi ya mtoto kwenye vyombo vya moto yalitumika kama mlango, hakuna aliyenyang'anywa.

Sasa kwanini anazama hivi. Nyie wa Morogoro mnalima mpunga nitakueleza kwa mpunga. Maji ya mfereji ukiyafungulia majaruba kumi kwa pamoja kila jaruba linapata kidogo kidogo, ndo akili za wengi wetu, huku nasikiliza redio huku napika huku namjibu mtoto. Mwenye usonji maji yake mara nyingi yanakwenda jaruba moja, linajaa mpaka pomoni, na ukija ghafla ukamwambia hamisha, hamisha sasa hivi, anaumia kabisa, sio kiburi. Mfano wa majaruba ni wa kwangu ila hoja yenyewe ni ya watafiti Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson, waliiandika 2005, na Lawson mwenyewe ana usonji kwahiyo anaongea kitu anachokiishi. Madaktari kwenye mwongozo wao wa 2013 bado wanaliandika kama dalili, mapenzi ya kitu yaliyopitiliza. Sawa, ni dalili, inasaidia kumtambua mtoto. Lakini dalili sio lazima iwe ugonjwa wa kukatwa.

Na yale maneno anayorudia, mama, usiyachukulie kama kelele. Ngoja nikupe kisa cha kijana wa Marekani anaitwa Owen Suskind, baba yake ni mwandishi wa habari Ron Suskind, wamekiandikia kitabu 2014 na filamu ikatoka 2016. Owen aliacha kuongea karibu na miaka mitatu. Kilichobaki ni katuni za Disney, anaangalia anarudisha anaangalia tena. Siku moja akiwa na miaka sita na kitu, baba akachukua kikaragosi cha Iago, yule kasuku wa Aladdin, akajificha chini ya shuka kitandani kwa mtoto, akatoa mkono tu wenye kasuku, akaongea kwa sauti ya kasuku akamuuliza Owen, hivi unajisikiaje kuwa wewe? Mtoto akamjibu kasuku kwamba hajisikii vizuri, hana marafiki. Fikiria baba yuko chini ya shuka pale. Miaka yote hiyo hajawahi kusikia sentensi kama ile kutoka kwa mwanae, na alipoipata hakuambiwa baba, aliambiwa kasuku.

Mimi nalijua hili kwa nyumbani kwetu pia. Mdogo wangu wa kiume ana usonji, enzi zile hata hilo neno hatukuwa nalo, watu walisema tu huyu mtoto yuko kivyake. Yeye wake alikuwa Sungura. Yule yule wa hadithi za bibi. Kila usiku hadithi ile ile, na bibi akikosea neno, akisema Sungura akaingia shimoni badala ya Sungura akapenya shimoni, dogo analia mpaka irudiwe kutoka paukwa pakawa. Mama yetu alipolazwa, mimi nilikuwa nalia kila kona, yeye kimya, majirani wakasema haelewi kitu yule. Siku ya nne tunakula usiku akasema, bila kumuangalia mtu, "Sungura hana shimo." Bibi akaweka tonge chini, akamwambia Sungura ana shimo kwa bibi yake mpaka mama Sungura arudi. Akala. Bibi hakusoma darasa hata moja lakini alijua kumjibu mtu kwa lugha aliyoulizwa.

Kwahiyo kazi yako ni hiyo. Anza daftari, kila akisema sentensi ya Thomas andika na andika kilikuwa kinatokea nini saa hiyo. Ukiona sentensi kama "treni imeacha njia" anaisema kila kukiwa na makelele basi ushapata tafsiri, anakwambia amezidiwa. Umekula nini shuleni muulize kupitia ka bluu, Thomas leo alipakia nini, ugali au wali? Huenda asijibu mara ya kwanza wala ya kumi. Kaa naye chini sakafuni usukume na wewe, ila katreni omba kwanza usikachukue mkononi mwake.

Ushauri wa yule mwalimu, wa kukafanya zawadi na adhabu, mimi siukubali na nasema wazi. Ukikatumia kumtawala anaanza kuishi na hofu ya kukakosa, na ule utulivu kanaompa unaisha. Mipaka iweke, mipaka anaihitaji sana tu, muda wa kulala ni wa kulala. Weka vipindi viwili vya TV, mwambie kabisa vikiisha tunaoga, chora kwenye karatasi abandike ukutani, na usizime katikati ya kipindi hata kama maji yanachemka.

Kwa mama mkwe nenda kwa heshima, ila ukweli ni huu, TV haileti usonji na pepo halihusiki, mtoto kazaliwa na ubongo unaofanya kazi hivyo. Baba mtu ndo nataka uongee naye. Nahisi hasira yake ni ya mtu anayeona katreni kanasikilizwa kuliko yeye, na hiyo inauma, tusimbeze. Mpe kazi. Hapo kwenu treni ya umeme ya SGR inapita tangu 2024, amchukue mtoto waende kuiangalia, wachague saa isiyo na watu wengi, wabebe kitu cha kuziba masikio maana makelele ya stesheni yanaweza kumvuruga. Na amtafutie Nia, injini ya rangi ya chungwa kutoka Kenya iliyoingizwa kwenye Thomas mwaka 2018, jina la Kiswahili kabisa. Yuko pia Bruno, behewa la breki, aliletwa 2022 akiwa mhusika mwenye usonji, anapenda ratiba na hapendi kushtukizwa, na mtoto aliyempa sauti naye ana usonji. Baba akiweza kuwataja hao wawili mezani, nina hakika kijana atageuka kumsikiliza.

*

Shangazi shikamoo, mimi ni msichana wa miaka 24 niko Mombasa, niligunduliwa nina usonji nikiwa na 22. Tangu nikiwa form one nampenda Naruto, ile anime ya Kijapani, sio kupenda kuangalia tu, nampenda YEYE. Naongea naye kichwani nikiwa kwa matatu, nikiogopa interview najiuliza angefanya nini. Dadangu akaona daftari zangu akaniambia hiyo ni wazimu na nitakosa mume. Najua si mtu wa kweli. Niko sawa kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo sentensi yako, najua si mtu wa kweli, imeshajibu nusu ya swali. Anayechanganyikiwa hawezi kutenganisha, wewe unatenganisha vizuri tu.

Na tuseme ukweli kwanini Naruto. Ni mtoto yatima aliyefungiwa mbweha wa mikia tisa ndani yake tangu siku anazaliwa, kijiji kizima kinamkwepa, wazazi wanawakataza watoto wao kucheza naye. Mtoto wa Pwani aliyekua anasikia majirani wakinong'ona ana jini yule, ataacha vipi kumpenda? Tena msichana. Wasichana wengi wenye usonji hawatambuliki mapema maana wanachokipenda kinaonekana cha kawaida, wahusika, waimbaji, wanyama, hakuna anayeshtuka mpaka aone uzito wake. Ndo maana wewe umejua ukiwa na 22.

Mhusika wa hadithi ana faida ambazo binadamu hana. Hakulazimishi umtazame machoni, hakasiriki ukichelewa kumjibu, ukichoka unafunga na ukirudi yuko pale pale. Unaweza kurudia sehemu aliyosamehe mara hamsini mpaka uelewe kusamehe kukoje. Utafiti uliotoka 2018 kuhusu watu wazima wenye usonji uliona kwamba kuwa na kitu unachokipenda hivi kunaendana na kuridhika zaidi na maisha, lakini ukaona pia kwamba ukali ukizidi mno kuridhika kunashuka. Kwahiyo mimi sikuulizi unampenda kiasi gani, nakuuliza unalala? Unakula? Hela ya kodi iko salama au imeenda kwenye vinyago na fulana? Na kuna hili la hatari zaidi, watu wa mtandaoni wanaojifanya wanampenda Naruto kama wewe kumbe wanatafuta picha zako au M-Pesa yako. Mapenzi yako ni ya kweli mno, mlaghai anayaona haraka. Anayekuomba hela au picha ndani ya wiki mbili, mblock.

Dadako mwambie hivi, yeye ana timu ya mpira au ana tamthilia anayoililia, wewe una hii. Kuhusu mume sitakudanganya kwamba kila mtu ataelewa, ila asiyeweza kukaa na daftari zako hataweza kukaa na wewe. Na ile ya interview endelea nayo. Muulize angefanya nini, alafu ingia.

*

Shangazi, mimi ni mwalimu, darasa la tatu, nina binti mwenye usonji anachora Akili, yule mhusika wa katuni za watoto za shirika la Ubongo, siku nzima, hesabu hagusi. Nimzuie karatasi?

JIBU: Mwalimu, usimzuie. Hizo katuni zimetengenezwa Dar na watu wa elimu, amechagua pazuri. Chora Akili mwenyewe ubaoni hata kama utamkosea, mpe maembe 12 na marafiki 4, alafu umpe binti chaki. Kwa anavyompenda, lazima atakuja kukurekebishia mchoro kwanza, muache arekebishe, na mgawanyo wa maembe utakuwa hapo hapo mbele yake.