Vifo 480 kwa mwaka: je, hesabu hii inatosha kuanzishia biashara ya mazishi?

SWALI: Nakusudia kufungua biashara ya huduma za mazishi katika mji wenye watu wapatao 60,000. Nimezidisha idadi hiyo kwa kiwango cha vifo cha taifa, yaani vifo 8 kwa kila watu 1,000, nikapata vifo 480 kwa mwaka. Je, naweza kununua magari na majokofu ya kuhifadhia maiti kwa kutegemea hesabu hiyo?

JIBU: Ndugu muulizaji, kuzidisha umezidisha sawasawa, ila hesabu hiyo inauchukulia mji wako kana kwamba wazee na vijana wake wanalingana kwa uwiano na wale wa taifa zima, na hilo hutokea kwa nadra. Kiwango cha jumla cha vifo huelezea umri wa watu pengine kuliko afya yao. Japani, ambako mtu hutarajiwa kuishi takribani miaka 84, hufariki kila mwaka watu zaidi ya 12 katika kila 1,000, ilhali Qatar, yenye wafanyakazi wengi vijana waliotoka nchi nyingine, hawafiki hata watatu. Mwaka 1825 Benjamin Gompertz, mwanahisabati wa Uingereza, alionyesha kwamba hatari ya kufa kwa mtu mzima hupanda kwa uwiano ule ule kadiri miaka inavyosonga. Kwa makadirio ya siku hizi, huongezeka maradufu karibu kila miaka 8.

Basi chukua jedwali la sensa linalogawa wakazi kwa umri, ulipatie kila kundi kiwango chake cha vifo. Tuseme, kwa mfano tu, kiwango ni 3 kwa kila 1,000 walio chini ya miaka 65, 30 kwa wenye miaka 65 hadi 79, na 110 kwa waliotimiza 80. Mji wenye watu 54,000, 4,800 na 1,200 katika makundi hayo utakuwa na vifo 438 kwa mwaka. Mji mwingine wenye watu 60,000 vilevile, lakini waliogawanyika 48,000, 9,000 na 3,000, utakuwa na vifo 744. Kundi la kati ndilo la kulitazama kwa makini, kwa kuwa ndilo litakalokupa kazi miaka kumi ijayo, mkopo wa majokofu ukiwa bado haujaisha.

Ukishapata makadirio yako, yalinganishe na takwimu za usajili wa vifo, lakini uliza kwanza kama zimepangwa kwa mahali kifo kilipotokea au kwa makazi ya marehemu. Hospitali moja kubwa ya rufaa huweza kuzidisha vifo vya mji kwa kiasi kikubwa, na wengi wa marehemu hao husafirishwa na familia zao kwenda kuzikwa kwingine. Kwa mwenye gari la masafa marefu hiyo ni kazi. Kwa anayetegemea kuuza majeneza na kuendesha ibada, huenda isiwe kazi kabisa.

Liko jambo ambalo wapangaji wengi hulisahau, nami naliona zito kuliko yote niliyotaja. Ukipata sehemu ya kumi ya vifo 438, una mazishi 44 hivi kwa mwaka, yaani chini ya moja kwa juma. Idadi ndogo kama hii huyumba yenyewe bila sababu yoyote: kipimo cha kuyumba huko ni kipeuo cha pili cha idadi, ambacho hapa ni karibu 7 (6.6), na miaka mingi huangukia ndani ya mara mbili ya kiasi hicho juu au chini, kwa hiyo mwaka wa mazishi 31 na mwaka wa 57 yote ni ya kawaida. Mwezi mmoja utapata kazi moja na unaofuata saba, mbili kati yake zikiangukia asubuhi moja ilhali una gari moja na dereva mmoja. Kwa hiyo gharama za kudumu zipime kwa 31. Kwa siku za msongamano, andikiana mapema mkataba wa kukodi gari la pili na nafasi katika majokofu ya mtu mwingine, badala ya kununua vyako.