Gunia langu moja la mkaa linaharibu nini?

Umeuliza gunia moja kwa mwezi lina madhara gani wakati malori ya mkaa yanaingia Dar usiku kucha. Hesabu ianzie porini: tanuru la kawaida la udongo hula kilo 6 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa. Kwa hiyo kilo unayookoa jikoni kwako si kilo moja tu.

Anza na maharage, ndiyo yanayomaliza mkaa. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, pika sufuria ikiwa imefunikwa. Yakishachemka, rudisha kidirisha cha hewa cha jiko kibaki upenyo wa kidole. Wengi hukiacha wazi mpaka mwisho, kumbe maji yanayotokota kwa fujo hayaivishi haraka kuliko yanayotokota taratibu. Jiko lenye udongo ndani linabana matumizi kweli, ila udongo ukipasuka au matundu yakiziba majivu, umerudi kulekule. Makaa yaliyobaki yatie kwenye debe lenye mfuniko unaobana, nje ya nyumba. Yatazimika yenyewe na kesho utayawasha. Usiyamwagie maji.